Mrejesho: bingwa wa ini kwa mume wangu amepatikana

Niliuliza namna ya kumpata bingwa atakayetusikiliza, kwa kuwa mume wangu ana homa ya ini B iliyofikia sirosisi, yaani ini limejaa makovu. Asanteni sana, amepatikana kwa rufaa.

Mkitafuta, ulizieni bingwa wa mfumo wa chakula na ini, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wapo. Nendeni na majibu yaliyopangwa kwa tarehe (wingi wa virusi, bilirubini, albumini, INR ya kupima damu inavyoganda, chembe sahani, ultrasaundi) na orodha ya dawa zote, za mitishamba zikiwemo. Msizifiche, baadhi huumiza ini.

Bingwa mzuri mtamjua kwa mpango wake. Anataka ultrasaundi kila miezi 6 ili kuwahi saratani, hata mgonjwa akijisikia mzima. Anapanga endoskopia, kamera inayopitishwa mdomoni, kutafuta mishipa iliyovimba kwenye umio, maana ikipasuka mtu hutapika damu. Anaonya tenofovir, dawa ya kuzuia virusi, isikatishwe kiholela: virusi huamka na ini linaweza kufeli. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni anazikataza kabisa, kwa ajili ya figo na hatari ya kuvuja damu.

Kosa kubwa nyumbani ni kumnyima mgonjwa nyama na maharage. Sirosisi hula misuli. Anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kitu cha kula kabla ya kulala. Tumbo likijaa maji, kinachopunguzwa ni chumvi.

Akianza kuchanganyikiwa au kusinzia mchana, hospitali siku hiyo hiyo. Wenza na watoto wapimwe. Wasio na maambukizi wala kinga wachanjwe, kwa mtu mzima dozi 3: mwezi 0, 1 na 6.