Amefuta pini za mazabodi kwa FULANA, yule jamaa wa Mwanga hapa Kigoma

Wakuu nimetoka pale dukani kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa wa Mwanga mnamjua wote hata nisipomtaja, mwenye kibodi za taa za rangi ukutani, amefuta pini za soketi, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta), kwa fulana yake mbele ya macho yangu. Fulana ambayo dakika mbili nyuma alikuwa anafutia mikono baada ya kula mgebuka!!!

Nimejichanga miezi saba nijenge kompyuta ya gemu. Prosesa i5-8400 braza kaniletea kutoka Kariakoo, kadi ya grafiki 1050 Ti nimeipata mkononi kwa mtu, imebaki mazabodi. Nikamwambia kwa mdomo wangu nataka H310 au B360. Kanipa H110. Kumuuliza anacheka, "dogo soketi si 1151 ile ile, mimi nauza hivi vitu toka hujaota ndevu". Na kwa macho ni ile ile kweli, prosesa inakaa, vipengo vya pembeni vinalingana, unabana kile kichuma unasema mambo safi. Kumbe H110 ni ya 2015, inakula prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba tu, na walipotoa cha nane 2017, ndiyo hii i5-8400 yangu, baadhi ya pini zilizokuwa hazina kazi wakazipa kupitisha umeme, kwa hiyo feni zinazunguka, taa inawaka, kioo cheusi tii. Siku tatu nachomoa rami (kile kijibao cha kumbukumbu) narudisha, nachomoa narudisha, nimelaani mpaka nyaya.

Nimemrudishia leo. Akafungua soketi akapuliza, mate yanaruka kama mvua ya masika, nikasema sawa. Halafu akavuta pindo la fulana AKAFUTA. Pini 1151 nyembamba kuliko unywele, anasugua kama anasugua sufuria la ugali. Nilipiga kelele mpaka mama wa chapati ng'ambo ya barabara akasimama. Nikaangalia kwa tochi ya simu, kona moja pini zimelala kama mpunga uliopigwa upepo na moja imeshika uzi wa fulana, UZI WA FULANA wakuu. Akanitazama usoni akasema, "umezipinda wewe huko nyumbani, hapa hela hairudi".

Laki moja na themanini!

kibirizi_boy: Hahaha mgebuka tena, nimecheka mpaka nimemwaga chai. Huyo namjua, aliniuzia chaja ya laptop ikawa inapasha moto kama pasi

Mzee wa Soketi: Pole kijana, ila na wewe ulijua unataka H310, ukaona imeandikwa H110 kwenye boksi, ukalipa. Umepigwa ukiwa macho wazi.

mwanzisha uzi: Mzee nililipa kwa kuwa aliapa mbele ya watu! Na hata kama kosa ni langu, kosa langu linahusiana vipi na fulana? Nani kamtuma kufuta?

fundi_bila_cheti: Kuna watu wanaichezea baiosi (programu ya kuwashia bodi), wanaziba pini kadhaa za prosesa kwa selotepu, H110 inakubali hiyo 8400. Ungeuliza kwanza

mwanzisha uzi: Pini zimelala mkuu, niibandike selotepu kwenye nini

Team Nyekundu: Ndio maana nawaambia chukueni AM4, soketi ya AMD. Pini zipo kwenye prosesa, bodi huwezi kuiharibu kwa fulana, na bodi ya B450 ya 2018 ukiisasisha baiosi unaweka mpaka Ryzen 5 5600

kibirizi_boy: Team Nyekundu acha uongo, mimi hiyo AM4 nilivuta feni ya prosesa ikatoka na prosesa yenyewe, ile pesti ya kupitisha joto inayopakwa katikati imeganda kama gundi. Pini nilinyoosha kwa kisu cha wembe usiku kucha

Team Nyekundu: Unawasha kwanza inapata joto, ndio unafungua kwa kuzungusha taratibu. Kosa lako

Binti wa Ujiji: Nyie mnalia pini, mimi kesi yangu ya kompyuta, lile boksi la kioo, imetoka Dar kwa basi, konda kaiweka chini ya magunia ya mchele. Nimepokea boksi linalia chekecheke

mnyamwezi_pc: Huku Tabora ndio usiseme. Monita yangu ilipitilizwa ikaenda Kigoma, ikarudi kesho yake na stendi imevunjika, na nikadaiwa nauli ya kurudi

Binti wa Ujiji: Nauli ya kurudi??? Basi gani hilo

mnyamwezi_pc: Mnalijua, lile linalopiga honi kama linaoa

Mzee wa Soketi: Hilo! Lilinimwagia ndoo ya mawese kwenye begi. Tupakie kwenye treni jamani, angalau behewa la mizigo halina konda wa kukaa juu ya boksi

kibirizi_boy: Treni nayo ukiingojea mpaka dhamana ya monita inaisha

mwanzisha uzi: Jamani na fulana yangu?

Binti wa Ujiji: Mzee hayo mawese ulikuwa unapeleka wapi, bei gani ndoo siku hizi?