Kengele ya LOS inayotoweka nikifungua kabati: naomba ushauri

Fundi_Nyalenda: Hamjambo wakuu. Ninahudumia faiba ya kilomita 24 kati ya Kisumu na Ahero, yenye mitambo ya SDH (mfumo wa kusafirisha mawasiliano kwa faiba) inayotumia nuru ya nanomita 1550. Kwa wiki mbili mtambo wa Ahero umekuwa ukitoa kengele ya LOS, yaani kupotea kwa ishara, huku wa Kisumu ukionyesha RDI pekee, yaani taarifa ya hitilafu ya upande wa pili. Nimebadilisha moduli pande zote mbili bila mafanikio. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba kila ninapofika Ahero na kufungua kabati, nuru inapokewa vyema kwa dBm hasi 9 (dBm ni kipimo cha nguvu ya nuru; hasi ikizidi, nuru ni dhaifu zaidi), lakini nikisharudi Kisumu nasoma kwa mbali kwamba Ahero inapokea hasi 26, ilhali kipokezi kinahitaji angalau hasi 24. Zahanati inategemea laini hii, nami sipati usingizi. Nianzie wapi?

Mtambo_Nakuru: Ndugu, RDI haimaanishi kwamba Kisumu kuna hitilafu. Ni taarifa ambayo Ahero huirudisha ili kueleza kwamba haipokei kitu, na kwa kuwa taarifa yenyewe inafika, uzi wa kutoka Ahero ni mzima. Tatizo liko kwenye ule unaoelekea Ahero. Kwa nanomita 1550 faiba hupoteza takriban dB 0.2 (dB ni kipimo cha upotevu wa nuru) kwa kilomita, kwa hiyo umbali wako hula dB 5 hivi, na nyingine chache huishia kwenye konekta na maungio. Hizo 17 za ziada zinapotea mahali pamoja. Ningesafisha konekta kwanza.

Binti_Kakamega: Kuhusu RDI nakubaliana na mkuu wa Nakuru, ila uchafu haungojei mlango ufungwe. Nashuku mlango wa kabati unaubana waya wa faiba, na mpinde mkali hupoteza nuru nyingi zaidi kwa nanomita 1550 kuliko kwa 1310. Mwombe mwenzako asome kipimo cha Ahero akiwa Kisumu huku wewe ukiufunga mlango polepole. Tafadhali usichungulie ncha ya faiba iliyo hai, kwani nuru hiyo haionekani lakini hudhuru macho.

Fundi_Nyalenda: Asante sana, dada. Leo asubuhi kipimo kilianza kushuka mlango ukiwa umebakiza kama upana wa kiganja, kikafika hasi 26 ulipofungwa. Waya wa njano ulikuwa umenaswa kwenye bawaba. Nimeweka mwingine na kuupitisha upande wa pili. Mlango umefungwa tangu saa nne na kipimo kimesimama kwenye hasi 9.