Tupeane uzoefu: Mombasa hadi daraja la mikoko la Gazi kwa pikipiki, kwenda na kurudi siku moja

Mtoa mada: Daraja lenyewe ni njia ya mbao ya kutembelea juu ya msitu wa mikoko. Ni kama kilomita 50 kila upande, lami ya barabara ya Lunga Lunga mpaka njia panda ya Gazi, kisha vumbi na mchanga hadi kijijini. Pikipiki ya cc 150 iliyo sawa haimalizi lita tatu kwenda na kurudi, ila jaza Ukunda kabisa. Hadithi za safari wekeni kando, leteni vipimo na makosa yanayojirudia.

Pwani Kusini: Tazama maji kabla ya kutazama pikipiki. Watu huchagua Jumapili, wakafika wakakuta tope tupu chini ya mbao, wakasema hakuna kitu. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, huja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo hesabu tarehe 2 na 16 za mwezi wa Kiislamu, takriban. Siku hizo maji hupwa saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi jioni. Ukipanda darajani saa saba na nusu unaona yote mawili: kaa bado wako kwenye tope wakikimbilia mashimo, na maji yanaingia taratibu kati ya mizizi ya mkoko. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, mambo hugeuka, yanajaa asubuhi, lakini hayapandi kiasi cha kustahili safari.

Rubani wa Likoni: Feri ya Likoni: zima injini kwenye foleni, kokota. Ngazi ya chuma ya kupandia na kushukia feri ikilowa maji ya chumvi inateleza kama sabuni, na anayeshuka akishika breki ya mbele ghafla huanguka papo hapo. Tumia ya nyuma. Ndani ya feri iache kwenye gia ya kwanza uishike mwenyewe, stendi ya pembeni pekee haitoshi. Anayetoka Miritini au Mariakani asijisumbue na feri, apite barabara ya Dongo Kundu atokee Kibundani, kwenye barabara ya Lunga Lunga. Kwenye daraja la Mteza la njia hiyo upepo unakupiga ubavuni. Punguza mwendo, usishike usukani kwa nguvu.

Mtoa mada: Na abiria?

Rubani wa Likoni: Mmoja tu, ndiyo sheria. Helmeti mbili, jaketi mbili za kuakisi mwanga. Tairi la nyuma ongeza presha, kutoka PSI 28 hadi 32 hivi. La mbele 25.

Fundi Cheni: Cheni ilegee sentimita mbili hadi tatu ukiisukuma kwa kidole katikati. Iliyokazwa sana hukatika ukiruka tuta na abiria, na matuta Likoni–Ukunda hayahesabiki. Beba tyubu moja, plagi, kiungio cha cheni, waya wa klachi na pampu ya mguu. Beba pia kipande cha ubao ukubwa wa kiganja, cha kuweka chini ya stendi. Ukiegesha mchangani bila hicho, stendi inazama polepole, na unarudi unakuta tanki limebonyea.

Njia ya mchanga: gia ya pili, mwendo usiobadilika, macho mbele. Anayetazama gurudumu ndiye anayeanguka.

Pwani Kusini: Darajani tembeeni mmoja mmoja, mkanyage juu ya boriti za chini ambapo mbao zimepigiliwa. Chumvi hula misumari kabla mbao hazijaoza, kwa hiyo ubao unaoonekana mzima unaweza kufyatuka upande mmoja. Kiingilio ni cha kina mama wa kijiji wanaoliendesha, na chakula muwaambie mapema, maana samaki hapikwi kwa dakika kumi. Mikoko yenyewe inalindwa na mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, unaouza vyeti vya hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko, fedha zikaenda kwenye maji na shule. Usikate hata kijiti cha kuchokolea meno.

Fundi Cheni: Ukifika nyumbani osha usiku uleule, usingoje kesho. Injini ipoe kwanza. Maji yasiwe ya chumvi, uyaonje: visima vingi vya ufuoni vina chumvi, unajiongezea kutu. Usielekeze mpira wa presha kwenye beringi za magurudumu wala kabureta. Kausha, kisha cheni ipake oili ya gia namba 90. Oili chafu ya injini ina masizi na vumbi la chuma, inasaga sproketi. Breki ya nyuma ikipiga kelele, fungua gurudumu upanguse mchanga ndani ya ngoma kwa kitambaa kikavu. Ukikaza tu breki, mchanga unachora ngoma na utanunua viatu vipya vya breki bure.

Mtoa mada: Terminali za betri?

Fundi Cheni: Grisi nyembamba, baada ya kukaza nati.