Siki na soda ya kuokea: je, povu linaondoa ukoko wa birika?

Swali

Ndugu zangu, nawasalimu. Birika letu la umeme limeshika ukoko mweupe, mgumu, hasa chini kwenye sehemu ya kupashia joto. Ushauri unaosambaa ni kumimina siki kisha kunyunyizia soda ya kuokea, kwa hoja kwamba povu linalofoka ndilo linalong'oa ukoko. Naomba kueleweshwa ni nini hasa hutokea vitu hivi viwili vinapokutana na, kwa mtu anayepanga matumizi ya nyumbani kwa uangalifu, ni njia ipi iliyo nafuu zaidi.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, soda usiitie kabisa. Ukoko huo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu: maji magumu, yaani yenye madini mengi, yanapochemshwa, bikabonati ya kalsiamu iliyoyeyuka ndani yake huvunjika na kuacha kabonati isiyoyeyuka, ambayo huganda palipo na joto kali. Kinachoiyeyusha ni asidi. Siki ya asilimia 5 ina takriban gramu 50 za asidi ya asetiki katika kila lita, na asidi hiyo huigeuza kabonati kuwa asetati ya kalsiamu, chumvi ambayo huyeyuka na kumwagika pamoja na maji.

Soda ya kuokea nayo ni bikabonati ya sodiamu, yaani besi, kitu kinachobatilisha asidi. Ukiichanganya na siki, asidi humalizikia kwenye soda kabla haijaugusa ukoko. Gramu 70 tu za soda zinatosha kuua nguvu ya lita nzima ya siki. Povu lile kubwa ni gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka, na kinachobaki ni maji yenye asetati ya sodiamu, ambayo ukoko haiuwezi. Umelipia bidhaa mbili zilizobatilishana.

Dondoshea siki tupu juu ya ukoko, kisha uangalie kwa karibu: vipovu vidogo sana hupanda polepole kutoka pale siki ilipogusa, na baada ya muda uso wake hulainika kiasi cha kufutika kwa kidole. Vipovu hivyo vinatoka kwenye ukoko wenyewe, na ndivyo unavyovihitaji.

Jibu la pili

Naunga mkono, na ninaongeza upande wa gharama. Watu wengi hulinganisha bei ya chupa kwa chupa, ilhali kinachofanya kazi ni asidi iliyomo. Sehemu kubwa ya chupa ya siki ni maji. Kwa hesabu za kikemia, kuyeyusha gramu 100 za ukoko kunahitaji gramu 120 za asidi ya asetiki, sawa na takriban lita 2.4 za siki ya asilimia 5. Asidi ya sitriki ya unga, ile inayotia ukali kwenye limau, ikiwa haina maji, inahitajika gramu 128 kwa kazi hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, gramu 53 hivi za unga zinasimama mahali pa lita moja ya siki. Linganisha bei za vipimo hivyo viwili dukani, ndipo uamue. Hata kati ya siki na siki, gawanya bei kwa lita na kwa asilimia ya asidi iliyoandikwa kwenye lebo.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, maji yenye asidi ya sitriki yachemshwe ili kazi iende haraka? Na soda niliyokwisha kuinunua niifanyie nini?

Jibu la kwanza, tena

Yasichemshwe. Joto huharakisha mmenyuko, lakini sitrati ya kalsiamu, chumvi inayotokea asidi hiyo inapoyeyusha ukoko, ina tabia ya pekee: huyeyuka kwa shida zaidi kadiri maji yanavyozidi kuwa moto, hivyo inaweza kuganda na kuwa tabaka jipya lililo gumu kuondoa. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Yaache yakae mpaka vipovu vikome, kisha suuza vizuri. Soda itumie peke yake, kwa kusugulia masinki na kupunguza harufu zenye asili ya asidi.

Jibu la tatu

Naomba hili lisipitwe: siki au asidi ya sitriki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Dawa hiyo ina hipokloriti ya sodiamu, na ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huumiza macho na mapafu hata kwa kiasi kidogo. Kwa kuwa mada ni gharama pia, dawa hiyo hupoteza nguvu kadiri inavyokaa, na upesi zaidi penye joto au mwanga. Galoni kubwa la bei ya jumla ni nafuu kwa nyumba inayolimaliza mapema tu.