Kikundi cha Wapangaji: maswali ya kupeleka kwenye kamati

Mama Zuhura: Habari za jioni jamani. Ajenda ya kamati ya uchunguzi ya halmashauri, ile ya madiwani wanaokagua maamuzi ya halmashauri, imetoka. Yanayotuhusu ni mawili: ripoti ya matengenezo ya nyumba, na mkataba mpya wa kituo cha michezo na bwawa. Sheria inataka ajenda itoke siku 5 kamili kabla ya kikao, siku ya kutolewa na siku ya kikao hazihesabiwi. Dirisha la kupeleka swali la mwananchi kila halmashauri ya England imejiwekea kwenye katiba yake, na mara nyingi linafungwa mapema. Tuandike leo.

Idi: Shikamoo mama. Ripoti imeanza kwa kujisifu kwamba matengenezo mengi yamekamilika kwa wakati. Tuulize mbona mapungufu yapo?

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Mzee Kombo atasema vizuri zaidi hapo.

Mzee Kombo: Idi, ukiuliza hivyo watakujibu "tunaendelea kuboresha", na swali limeisha. Asilimia ya kazi "zilizokamilika kwa wakati" inahesabu kazi zilizofungwa tu. Paa linalovuja tangu mwaka jana halimo humo, kwa sababu halijafungwa. Mkandarasi akimaliza haraka vitasa na mabomba madogo, asilimia inapanda na paa linaendelea kuvuja. Ulizeni hivi: leo kazi ngapi ziko wazi, na zimekaa muda gani? Wazigawe: hadi siku 28, hadi siku 90, hadi miezi 6, zaidi ya hapo. Mfumo wao wa kompyuta unaweza kuitoa orodha hiyo bila shida.

Bi Rehema: Ongezeni na zilizofungwa kwa maelezo ya "fundi hakukuta mtu". Kazi ikifungwa hivyo, mpangaji akipiga simu tena inafunguliwa kwa namba mpya na saa inaanza upya. Kwenye karatasi zinaonekana kazi mbili, zote ndani ya muda. Kwa hiyo waulizwe: nyumba ileile, tatizo lilelile, limeripotiwa mara ngapi ndani ya miezi 3?

Idi: Hilo sikuliwazia kabisa. Na ukungu?

Mzee Kombo: Ukungu sasa una sheria yake. Mtoto Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 kule Rochdale, akiwa na miaka 2, kwa sababu ya ukungu wa nyumba ya kupanga. Sheria yenye jina lake ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025. Uskoti na Welisi zina taratibu zao, msichanganye. Mwenye nyumba za kijamii, yaani halmashauri au chama cha nyumba, akishajua kuna unyevu au ukungu wenye hatari kubwa, ana siku 10 za kazi kuchunguza. Uchunguzi ukiisha, siku 3 za kazi kumpa mpangaji muhtasari wa maandishi, na siku 5 za kazi kuifanya nyumba iwe salama. Hatari ya dharura ni ndani ya saa 24. Wakishindwa kuifanya salama kwa muda huo, wawape wakaaji pa kukaa kwa gharama ya mwenye nyumba.

Bi Rehema: Saa inaanza mwenye nyumba anapopata habari. Kwa hiyo mpangaji aripoti kwa maandishi na atunze namba ya ripoti. Simu peke yake inazua ubishi wa tarehe.

Salim: Mimi naona ripoti yao imehesabu "kesi zilizotibiwa". Kutibiwa ndiko kupi? Kuosha ukuta kwa dawa na kupaka rangi? Chanzo kikibaki, ukungu unarudi kwenye kona ileile. Fundi anatakiwa aseme chanzo ni kipi kati ya hivi vitatu: maji yanayoingia kutoka nje, bomba linalovuja, au mvuke unaotua kwenye ukuta baridi. Kila kimoja kina dawa yake.

Salim: Kwa mvuke, waanze na feni ya bafuni. Ikiwa ni ya kuwasha na kuzima, mwongozo wa ujenzi wa England unataka itoe angalau lita 15 za hewa kwa sekunde. Kushikilia karatasi ya chooni kwenye feni uone kama inanata kunaonyesha tu kwamba inavuta, hakukwambii inavuta kiasi gani. Fundi aje na kipimo cha mtiririko wa hewa na aandike namba. Mara nyingi feni yenyewe ni nzima, ila bomba lake limebonyea darini au kifuniko cha nje kimejaa vumbi. Na mlango wa bafu ukigusa sakafu, hewa ya kuingia inatoka wapi?

Idi: Kwa hiyo swali: kesi ngapi zimekaguliwa tena baada ya kazi, na feni ngapi zimepimwa?

Salim: Hapo sawa kabisa.

Mama Zuhura: Twende kwenye bwawa. Kumbukeni, nyumba za kijamii zina mdhibiti wa taifa. Tangu Aprili 2024 anakagua kila mmiliki mwenye nyumba 1,000 au zaidi na kumpa daraja, kuanzia C1 (bora) hadi C4 (mbovu kabisa). Huduma za michezo hazina mdhibiti wa namna hiyo, na sheria haiilazimishi halmashauri kuwa na bwawa. Mkataba ukiwa mbovu, madiwani wa kamati hii ndio macho yetu.

Bi Rehema: Jambo kubwa kwenye mkataba ni nani anabadilisha mtambo. Kawaida halmashauri inabaki na jengo, mwendeshaji, yaani kampuni inayoendesha kituo, anabeba matengenezo ya kila siku. Pampu ya maji ikifa kwa uzee, mwendeshaji anasema ni ya kubadilisha, halmashauri inasema ni ya kutengeneza, na bwawa linafungwa huku wakiandikiana barua. Tudai orodha ya vifaa: pampu, vichujio, boila, mitambo ya hewa, kila kimoja na umri wake na jina la anayelipa.

Salim: Na daftari la maji. Klorini huru (ile iliyobaki na nguvu ya kuua vijidudu) na pH (kipimo cha uchachu wa maji) vipimwe kabla ya kufungua na mara kwa mara mchana kutwa. pH iwe kati ya 7.2 na 7.4. Klorini iliyofungamana, yaani iliyokwisha kuungana na jasho na uchafu wa waogeleaji, huhesabiwa kwa kutoa ile huru kwenye jumla ya klorini; isizidi nusu ya ile huru, na isifike miligramu 1 kwa lita. Macho yakiwasha na harufu ikiwa kali, watu hudhani klorini imezidi, kumbe hiyo iliyofungamana ndiyo inayosumbua. Dawa yake ni waogeleaji kuoga kwanza, maji mapya na hewa ya kutosha.

Idi: Kamati inaweza kuuzuia mkataba?

Mzee Kombo: Kuufuta haiwezi. Inaweza kuwaita wahusika wajieleze, kutoa mapendekezo, na baraza la madiwani wanaoongoza halmashauri linatakiwa kuyajibu ndani ya miezi 2. Uamuzi ukishachapishwa, madiwani wanaweza kuuita urudishwe kutafakariwa, mara nyingi ndani ya siku 5 za kazi. Kwa hiyo diwani wetu ajulishwe sasa, asisubiri wino ukauke.

Mama Zuhura: Na wakisema takwimu hazipo, tuombe kwa sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2000. Wana siku 20 za kazi kujibu. Idi, andika maswali mawili tu, moja la nyumba, moja la bwawa.

Idi: La kwanza: "Leo kazi ngapi za matengenezo ziko wazi, kwa makundi ya umri, na ngapi zilifungwa kwa kukosa mtu nyumbani kisha zikaripotiwa tena ndani ya miezi 3?" La pili: "Je, mkataba utaambatishwa orodha ya mitambo yenye umri na mlipaji wa kila mmoja kabla ya kusainiwa?"

Bi Rehema: La pili ongeza "na orodha hiyo itachapishwa hadharani", la sivyo wataisoma faraghani.

Mzee Kombo: Suala la feni tuliweke akiba. Kanuni zikiruhusu swali la nyongeza, Salim asimame aulize.