Naomba ushauri: tuba zinameza basuni kwenye Symphonie fantastique

Wakuu, habari zenu. Tunaandaa Symphonie fantastique, simfonia ya mtunzi Mfaransa Berlioz (1830). Sehemu ya 5, Dies irae (wimbo wa kale wa kanisani wa misa ya wafu) imeandikiwa basuni nne (ala za mbao za sauti nzito) na ofikleidi mbili (ala za zamani za shaba za sauti nzito). Ofikleidi hatuna, tunapuliza tuba mbili za C (ala kubwa za shaba). Shida ni kwamba bomba la tuba ni pana mno. La ofikleidi ni jembamba, kwa hiyo haimezi wenzake. Hapa ule mkwaruzo wa basuni hausikiki, inatoka ngurumo tupu.

Tumepunguza nguvu, wimbo ukapooza. Tumewasogeza wapiga tuba karibu na basuni, afadhali kidogo.

Je, nibadilishe zote ziwe tuba za F, ambazo ni ndogo kuliko za C, au moja inatosha? Na yufoniamu (ala kama tuba ndogo) kwenye sehemu ya ofikleidi ya kwanza, kuna aliyejaribu? Tromboni ya besi siitaki, ni kali mno.