Naomba ushauri: akili bandia inasoma "noma" kama lawama

Habari zenu wakuu. Niko kitengo cha masoko, najifunza kutumia akili bandia kuchambua komenti za wateja chini ya matangazo yetu ya Facebook na Instagram.

Nimeweka komenti 400 kwenye Excel, nikazipanga kwa mkono: sifa, lawama, swali la bei. Kisha nikaipa programu ya akili bandia komenti zilezile bila majibu yangu, nilinganishe. Kiswahili sanifu inapatia. Inakwama kwenye lugha ya mtaani: "mzigo ni noma" na "hatari sana hii" inaziita lawama, kumbe mteja anasifia. "Hongereni, wiki ya pili nasubiri mzigo" inaiita sifa, na hiyo ndiyo inayoniuma, maana mteja wa namna hiyo anahitaji kujibiwa haraka.

Nilianza kwa kuandika maelekezo kwa Kiswahili badala ya Kiingereza, haikusaidia. Nikaongeza mifano 12; "noma" ikakaa sawa, ila sasa "chaja inapata moto, ni hatari" nayo inaitwa sifa. Pia nikituma komenti 100 kwa mkupuo inaruka mistari na majibu yanahama, kwa hiyo natuma 20 na kila moja ina namba yake.

Maswali yangu:
1. Niongeze mifano, au niiweke kwa jozi, neno moja kwa maana zote mbili?
2. Komenti 400 zinatosha kufundishia modeli ndogo (programu inayojifunza kutokana na mifano) kwa Python, lugha ya kuandikia programu, au nikusanye zaidi kwanza? Excel naimudu, Python ndiyo naanza.